Msumeno wa cheni wa milingoti na kuni: ninunue upi ambao hautanifia mikononi?

Mama Milingoti (Njombe)

Kamwene wakuu, na wasio Wabena nao nawasalimu.

Nina ekari tatu za milingoti na kipande cha miwati alichoacha marehemu baba watoto, huku upande wa Lupembe. Milingoti mingi ina unene wa ndoo ya lita ishirini. Ile michache ya mpakani imenishinda, nikiikumbatia mikono haikutani. Sichani mbao. Kazi yangu ni kuni: napeleka shule moja ya bweni, nawauzia wachoma tofali wawili, na msimu mwingine kiwanda cha chai wakipungukiwa nao huja. Kwa mwezi zinatoka tripu nne mpaka sita za kenta.

Miaka yote nimekuwa nakodi opereta. Mashine yake, mafuta yangu, ugali wangu, na bado anakuja siku anayotaka yeye. Mwaka jana mwezi wa saba mpishi wa shule alinipigia simu mara tatu, jikoni kuni zimeisha, na opereta wangu yuko Mafinga anamchania mtu mbao. Nikasema basi. Nikaenda mjini nikanunua ya kwangu, laki tatu na themanini, rangi ya chungwa na nyeupe, jina kubwa la Kijerumani limebandikwa kila mahali mpaka kwenye mpini. Anaitumia mdogo wangu. Siku ya kumi na moja ikazima katikati ya gogo, kamba ya kuwashia ikagoma kuvutika, na imegoma mpaka leo. Nikairudisha dukani. Kijana wa pale akanitazama kama mtu aliyerudisha andazi lililoumwa.

Sasa nina milioni moja na nusu na sitaki mkopo. Jirani anauza msumeno wake wa zamani, Stihl 070, kwa laki nane, anasema hiyo ni chuma, itanizika mimi na mdogo wangu. Wengine wananiambia chukua mpya ndogo. Mdogo wangu mwenyewe ni mwembamba, hata kilo sitini hafiki. Mnanishauri nini? Na ile iliyokufa, kuna dawa?

Bongo Lala

Nunua shoka mama. Halinywi mafuta.

Mama Milingoti

Mashoka ninayo matatu, mwanangu. Mgongo ninao mmoja.

Mzee wa Dingdong (Mafinga)

Mama, kamwene. Nimeshika mashine hizi tangu 1994, nilianza kama kibarua kwenye mipaina ya Sao Hill, nikibeba galoni la mafuta nyuma ya opereta. Leo nina dingdong yangu, mashine ya kuchania mbao, na vijana wanne. Nitakujibu kwa kirefu kwa sababu hili la 070 limewaponza wengi.

Jirani yako hasemi uongo kwamba ni chuma. Stihl 070 ni mashine ya cc mia na ushee (cc ni ukubwa wa injini), na vijiji vingi vya nyanda hizi vilichana mbao kwa hiyo kabla dingdong hazijafika. Lakini ilikuwa ya kazi gani? Ya kuangusha miti minene na kupasua gogo kwa urefu, kutwa nzima. Zile nilizotumia mimi zilikuwa na uzito wa kilo kumi na zaidi kabla hujafunga baa (ule ubapa unaozungukwa na cheni) na kujaza tangi, na hazikuwa na breki ya cheni. Mtetemo wake ukishuka nayo jioni unashindwa kushika kikombe cha chai. Mpaka sasa vidole vyangu viwili vya mkono wa kushoto hufa ganzi asubuhi ya baridi, na Mafinga asubuhi ya baridi ni karibu zote. Halafu wewe unataka umpe kijana wa kilo hamsini na kitu akatekate nayo kuni za unene wa ndoo? Atakata mti mmoja, apumzike miwili.

Tena siku hizi ukisikia 070 uliza mara mbili. Zilizojaa sokoni ni za kuigiza, zimefinyangwa kwa sura ileile, na spea zake ukivalisha kwenye ya zamani hazikai sawa. Hata ya jirani inaweza kuwa na ganda la zamani na tumbo la feki.

Kuni za unene huo zinataka mashine ya cc 45 mpaka 55 na baa ya inchi 16 au 18. Baa ya inchi 18 ni sentimita 45, ndoo yako inapita humo bila kuzunguka. Ile minene ya mpakani utaikata upande huu, unahamia upande wa pili, inawezekana kabisa mtu akijua. Ukitaka jina, Stihl MS 250 ni cc 45, injini yake ina kilo nne na nusu hivi. MS 260 ni cc 50 na imetengenezwa kwa watu wa msituni zaidi. Husqvarna nao wanazo za cc 50 nzuri tu. Mimi sina ndugu kwenye kampuni yoyote. Ninachoangalia ni kimoja: huko ninakokaa, plagi, cheni, sproketi (gurudumu la meno linalozungusha cheni) na kiwambo cha kabureta vinapatikana umbali gani? Mashine nzuri ambayo spea zake ziko Dar es Salaam, kwako wewe wa Lupembe ni ya wiki mbili kila ikiguna. Kabla hujalipa, waambie wakuwekee mezani sproketi na cheni ya pili ya mashine hiyohiyo. Wakianza "tutakuagizia", shukuru, ondoka.

Na usinunue jina kubwa kwenye duka linalouza pia masufuria na redio. Stihl wanauza kupitia mawakala wao, si kila kibanda. Wakala hukuandikia risiti yenye namba ya mashine, na hiyo namba imegongwa kwenye bodi yenyewe. Ikiwa stika peke yake, ukiikwangua kwa ukucha ikabanduka, umeshajua.

Sasa nikuulize jambo moja kabla sijaendelea. Huyo mdogo wako alikuwa anachanganyaje mafuta?

Fundi Plagi (Makambako)

Mzee amenitangulia swali. Mama, kamba ikigoma kabisa kuvutika mashine imenoki, pistoni imeshikana na silinda. Fungua ekzosi, ni boliti mbili tatu tu, chungulia kwa tochi. Ukikuta mikwaruzo ya kusimama kwenye pistoni upande huo wa ekzosi, ilikosa oili au iliunguza mafuta yenye hewa nyingi. Nakutana nazo kila wiki.

Zile za laki tatu zina shida zao, silinda nyingine nikizipima zinaandikwa cc 58 nje na ndani hazifiki. Lakini siku kumi na moja ni chache hata kwa hizo. Kuna mkono wa mtu hapo.

Mama Milingoti

Nimemuuliza jioni hii. Alikuwa anamimina oili kwenye galoni "mpaka petroli ibadilike rangi." Nikamuuliza rangi gani. Akasema rangi ya kawaida.

Sikusema kitu nikaenda kulala.

Mzee wa Dingdong (Mafinga)

Ha! Usimlaumu sana, nami nilifundishwa hivyohivyo na nikaua mashine ya bosi.

Mashine hizi hazina oili yake ya injini kama gari. Oili ile iliyomo kwenye petroli ndiyo inayolainisha kila kitu ndani, ikipungua chuma kinasugua chuma. Chupa ya oili ya mwenye mashine, kama hiyo ya Stihl, inasema moja kwa hamsini: galoni la lita tano unaweka mililita mia moja. Ukitumia oili nyingine ya kuchanganya, wao wenyewe wanaelekeza moja kwa ishirini na tano, yaani mililita mia mbili kwa lita tano. Nunua bomba la sindano kubwa duka la dawa, au kichupa cha dawa ya kikohozi chenye mistari, kikae kimefungwa kwa kamba kwenye shingo ya galoni. Vijana wangu nimewakataza kutumia kifuniko cha chupa kupimia, maana kila kifuniko kina ukubwa wake. Na changanyeni ya wiki mbili tatu tu, petroli iliyolala mwezi kwenye galoni la plastiki inaanza kukusumbua kwenye kuwasha.

Oili ya cheni ni tangi lingine. Najua kila mtu anaweka oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye magari. Ina masizi na unga wa chuma, inaziba pampu, inakula baa, na inamrukia mtu usoni na mikononi siku nzima. Ukikosa ile maalumu weka oili safi ya injini.

Kunoa sasa. Hapa ndipo watu wanaponunua mashine mpya wakati walihitaji tupa. Cheni kali inatoa vipande, kama mabapa madogo ya mbao. Ikianza kutoa unga, ni butu, simama. Kijana hasimami, anakandamiza, injini inapata moto, baa inapata moto, klachi inaungua, halafu anakuja kukwambia mashine haina nguvu. Cheni ya .325 (kipimo cha cheni kwa inchi), ambayo ndiyo huja na nyingi za cc 45 hadi 50, inanolewa kwa tupa ya duara ya milimita 4.8. Cheni ya 3/8 kubwa ni 5.2. Ukitumia tupa isiyo yake unaharibu jino, hata ungenoa kutwa. Sukuma kwenda mbele tu, usivute nyuma, pembe ya nyuzi 30, kila jino idadi ileile ya misukumo, ukimaliza upande huu geuka upande wa pili. Jino moja likiwa refu kuliko wenzake msumeno unakata mkunjo, gogo linabana baa. Kila ukijaza mafuta, piga misukumo miwili mitatu. Dakika tano, basi.

Na miwati isikudanganye kwa wembamba wake. Ikikauka ni ngumu, na mchanga ukiingia kwenye magome wakati wa kuburuta, cheni inaisha kabla ya saa sita. Kateni ikiwa mibichi, na gogo muliinue juu ya gogo jingine. Milingoti nayo ipasueni ikiwa mibichi, ikikauka inawachezesha ngoma na shoka.

Chelagat wa Bluegum (Uasin Gishu)

Hamjambo ndugu zetu wa huko. Sisi huku tunaita pawa soo, na miti yenu ya milingoti ni bluegum yetu tu.

Mimi naona tofauti kidogo na Mzee. Nilianza na ya cc 45, ikakata kuni za nyumbani vizuri, lakini nilipoanza kuuza kwa lori niliiona inachoka. Nikachukua ya cc 72, MS 381, na sijajuta. Mama ana miti minene mpakani na ana tripu sita kwa mwezi. Akinunua ndogo leo atanunua kubwa mwaka kesho. Afadhali kununua mara moja.

Jambo la pili, na hili sijaona mtu amesema. Bluegum iliyoinama ni muuaji. Ukiikata kutoka nyuma bila kufungua mdomo wa kutosha mbele, shina hupasuka wima kabla halijaanguka, lile pande la nyuma hupanda juu kwa nguvu na kukupiga kifuani ama kichwani. Nimezika mtu wa boma la pili namna hiyo. Mdomo wa mbele ufike robo ya unene, uache bawaba ya mbao isiyokatwa, piga kabari nyuma, na njia yako ya kukimbilia uwe umeisafisha kabla hujawasha. Mti ulioinama sana mwachie mtu mzoefu, hata kama ni wa kulipa.

Mzee wa Dingdong (Mafinga)

Dada Chelagat, la bluegum nakuunga mkono kwa mikono yote miwili. La 381 ni mashine nzuri, ninayo, lakini ni kilo sita na nusu kabla ya baa na inakunywa. Anayeishika ni kijana mwembamba, na akichoka saa nane mchana ndiyo saa ncha ya baa inagusa tawi asiloliona. Ncha ile, upande wa juu, ikigusa kitu inarusha mashine usoni. Tripu sita kwa mwezi ni siku nne tano za kukata. Miti ya mpakani mama akodi opereta mara moja, amalizane nayo.

Tena mama, kijana avae buti ngumu na miwani hata kama kofia yenye wavu na suruali ya kinga bado hamjamudu. Asivae kaptura, na asifanye kazi peke yake shambani. Breki ya mbele ya mkono ijaribiwe kila asubuhi.

Fundi Plagi (Makambako)

Ukiamua kuangalia ya jirani hata hivyo, nenda bila taarifa. Mashine mbovu huwashwa mapema ikapata joto ndipo mteja anaitwa. Shika silinda kwa mkono, iwe ya baridi. Kisha shika mpini wa kamba, iachie mashine ining'inie yenyewe: ikishuka polepole kwa kusitasita, kompresheni (mgandamizo wa ndani ya silinda) ipo. Ikishuka kama ndoo kisimani, usilipe. Ikiwaka, iache ingurume taratibu, cheni isizunguke. Elekeza ncha ya baa kwenye kipande cha boksi, kanyaga mafuta, utaona mstari wa oili unajichora. Usipoonekana, pampu au njia imeziba. Mwisho mwombe afungue ekzosi uchungulie pistoni. Akikataa, hayo ndiyo majibu yake.

Na nyongeza kwa wanaohamahama: kabureta iliyorekebishwa Makete kwenye hewa nyepesi usiipeleke Usangu ukaanza kazi hivyohivyo. Kule chini hewa ni nzito, petroli inakuwa kidogo kwa hewa ile, mashine inalia vizuri kwa sauti kali na kijana anafurahi. Jioni imenoki. Kwa wewe unayekata shamba moja halikuhusu, lakini usiwaazime watu wa bondeni.

Bongo Lala

Naona shoka limekosa mtetezi. Sawa. Ila mama, kabla hujanunua pita ofisi ya misitu ya wilaya uulize habari za kusajili mashine na vibali vya kuvuna na kusafirisha, hata kama miti ni yako. Mjomba wangu alishikiwa mashine na mzigo barabarani, akaenda kutafuta karatasi wakati kuni zinanyeshewa kwenye kenta.

Mama Milingoti

Nimerudi kutoa mrejesho, ni mwezi na siku kadhaa.

Kwa jirani nilikwenda saa moja asubuhi. Silinda ya baridi kama mtungi. Akavuta kamba, akavuta, akavua koti, akavuta tena. Mdogo wangu alihesabu mpaka thelathini na mbili. Jirani akaniambia mashine za Kijerumani hazipendi baridi, nije mchana. Tukanywa chai yake tukaondoka, hatujagombana.

Ofisi ya misitu nilipita, karatasi ninazo.

Dada Chelagat, nilikuwa nimekaribia kukusikiliza, nikaishika hiyo 381 dukani. Nikampa mdogo wangu aishike mkono umenyooka. Akasema haina shida, na jasho linamtoka. Nikachukua MS 250 yenye baa ya inchi 18, kwa wakala, risiti ina namba na namba nimeilinganisha na ya kwenye bodi mwenyewe nimevaa miwani. Nimebakiwa na hela ya cheni mbili za akiba, tupa, oili ya kuchanganya na buti. Miwani alipewa na binamu yake anayechomelea mageti.

Galoni limefungwa kichupa cha dawa ya kikohozi. Mwanzoni aliona aibu, wenzake walimcheka, wakamwita daktari. Sasa naona galoni la mwenzake mmoja nalo lina kichupa.

Tumetoa tripu saba. Wiki ya pili ilipungua nguvu, akaniambia injini imechoka, nikamwambia aniletee unga aliokata. Kweli ulikuwa unga. Akakaa kwenye kisiki akanoa kwa hasira karibu saa nzima, jino la kulia likawa refu kuliko la kushoto, gogo likabana baa kama Mzee alivyosema, ikabidi tupigilie kabari kuitoa. Sasa anaweza. Miti minne ya mpakani nilimwita opereta wangu yule wa zamani, akaimaliza siku moja na nusu. Mmoja ulioinama kwenye mto tumeuacha usimame.

Ile ya kwanza fundi wa hapa ameifungua: mikwaruzo upande wa ekzosi, kama Fundi Plagi alivyosema. Silinda na pistoni mpya bei yake ni karibu nusu ya mashine. Nimeiweka stoo.

Jana opereta kanipigia. Nikadhani anatafuta kazi. Anauliza kama nina tupa ya kumwazima, yake imeisha na yuko kazini. Nikamuuliza cheni yake ni ya ngapi, akasema 3/8. Nikamwambia tupa yetu ni ya 4.8, haimfai, atafute ya 5.2. Akanyamaza kidogo kwenye simu, akaniuliza nani kanifundisha.